Salamu Isiyo na "Ila": Historia ya Wimbo wa "Hakuna Matata"

Mimi maneno "hakuna matata" nilifundishwa na ngiri.

Ilikuwa Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, huko ambako ukitoka Sumbawanga mjini unashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Nilikuwa darasa la tatu. Palikuwa na banda la video lenye viti vya mbao na jenereta nyuma ya ukuta, kiingilio shilingi mia moja, na siku hiyo tulionyeshwa filamu ya katuni ya The Lion King. Kama ilivyo kwa filamu nyingi tulizotazama pale, ilikuwa imewekewa sauti ya mfasiri, yule anayedakia kila mhusika anapofunga mdomo. Basi ngiri na mwenzake mdogo wa jamii ya nguchiro wakaimba yale maneno mawili, kwa Kiswahili. Na mfasiri, kwa mazoea ya kazi, akatufasiria: "Wanasema hamna noma!" Banda zima tukacheka. Hatukucheka kwa sababu tumeona kosa, tulimcheka ngiri.

Nilipofika chuoni na kuanza kusoma mambo ya tafsiri ndipo kumbukumbu hiyo ilipoanza kunisumbua. Kiswahili kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiswahili, na hakuna hata mtu mmoja pale bandani aliyeshangaa. Maana yake ni kwamba maneno hayo yalipotufikia yalikuwa tayari ni maneno ya kigeni. Makala haya yanakusudia kufuatilia safari hiyo: wimbo ulitoka wapi, ukapita mikononi mwa nani, na katika kupita huko ulidondosha nini njiani. Kwa maoni yangu kuna kitu kilidondoka, tena kitu kidogo sana, neno moja tu. Tutalifikia.

Historia ya wimbo wa filamu haianzii kwenye filamu. Inaanzia Pwani ya Kenya, mwaka 1982, ilipotoka sahani ya "Jambo Bwana" ya bendi ya Them Mushrooms. Hao ni ndugu wa familia ya Harrison, na Teddy Kalanda Harrison ndiye anayetajwa kuwa mtunzi. (Baadaye bendi ilijiita Uyoga, yaani ilijifasiri yenyewe, na mimi nimewapendea hilo.) Bendi hii ilikuwa ikipiga katika hoteli za kitalii, na mtu asiyejua mazingira hayo hawezi kuuhakiki wimbo wao kwa haki. Mwanamuziki wa hotelini hapigii watu wanaojua lugha yake. Kila juma anaondoka mgeni na anakuja mwingine, na wote wanataka kupanda ndege wakiwa wamejifunza maneno matatu manne. Kwa hiyo wimbo ulitungwa kama somo la kwanza la Kiswahili: unamsalimu mgeni, unamjulia hali, unamkaribisha, unaisifia nchi, kisha unamhakikishia kwamba matata hayapo. Sentensi ni fupi na kila moja inarudiwa, na sauti ya kuitikia ni nyepesi kiasi kwamba hata aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi anaweza kuitikia jioni. Kifani, huo ni ufundi. Walimu wetu wa lugha wanaoshindwa kumfundisha mtu salamu kwa muhula mzima wangeutazama tena wimbo huu kabla ya kuudharau.

Lakini hebu tutazame maudhui yake kwa makini zaidi, maana hapo ndipo penye utata. Na hilo neno "utata" sikulichagua bure. Sisi wanafunzi wa fasihi tunalitumia kila siku, shairi lina utata, taswira hii ni tata, mhakiki ametatua, na tunasahau kwamba ni ukoo mmoja na hayo "matata" ya kwenye fulana. Tata ni kitu kilichofumana kama uzi uliojisokota. Anayesema hakuna matata anasema nyuzi zote zimenyooka. Mhakiki wa fasihi akiamini hivyo hana kazi ya kufanya.

Tuje kwenye salamu yenyewe. Watu wengi wamewacheka watalii kwa kusema "jambo" peke yake, na ni kweli kwamba kati yetu sisi kwa sisi hatusalimiani hivyo. Tunasema hujambo, naye mwenzako anajibu sijambo. Lichambue neno: hu-jambo, huna jambo? Si-jambo, sina jambo. Yaani salamu yetu ya kale kabisa tayari inauliza na kujibu kwamba hakuna matata. Kwa hiyo Them Mushrooms hawakuwadanganya wageni. Walichukua kiini cha salamu ya Kiswahili, wakakiweka katika maneno ambayo mgeni anaweza kuyatamka. Tofauti ni kwamba katika salamu yetu lipo swali la kweli na lipo jibu la kweli, na baada ya jibu huja neno moja dogo ambalo ndilo lililodondoka njiani. Neno hilo ni "ila".

Nitoe mfano wa nyumbani. Jirani akifika kwa Bibi yangu pale Milepa, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu kwa heshima kama desturi ya Kifipa inavyotaka, wanaanza kujuliana hali. Hamjambo? Hatujambo. Watoto? Hawajambo. Shamba? Salama. Mpaka hapo mtu wa nje angedhani mazungumzo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza: "Salama, ila ng'ombe wameingia tena kwenye mpunga." Ila. Jirani hakuja kusalimia, alikuja kwa sababu ya ng'ombe. Salamu ilikuwa mlango tu, na "ila" ndiyo bawaba yake. Na hii si tabia ya Milepa peke yake. Mwulize mtu yeyote Dar es Salaam habari za kazi, atakujibu nzuri, kisha ngoja kidogo.

Katika "Jambo Bwana" ila haipo. Haiwezi kuwepo, kwa sababu anayeimba ni mwenye kazi na anayeimbiwa ndiye mlipaji. Mwaka huohuo wa 1982, tarehe 1 Agosti, palitokea jaribio la kuipindua serikali ya Kenya, na watu wakafa. Sisemi kwamba wimbo ulitungwa kuficha jambo hilo, huo ungekuwa uhakiki wa kubambikiza. Ninasema tu kwamba mgeni wa hoteli aliyekuwa Mombasa mwishoni mwa mwaka ule angeweza kabisa kuambiwa kwa wimbo kwamba matata hayapo, na mwimbaji akarudi kwake usiku akisikiliza redio kwa sauti ya chini.

Basi wimbo ukapendwa na ukaanza kupigwa kopi, kama bendi zetu zilivyokuwa zikisema. Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililokuwa na makao yake Ujerumani, lilitoa "Jambo – Hakuna Matata" kwa mdundo wa disko. Hawa walikuwa wameshapita njia hiyo, maana mwaka 1981 walitoa "Malaika", wimbo ambao ugomvi kuhusu mtunzi wake ungehitaji makala yake peke yake. Safari Sound Band nao wakauimba kwa jina la "Jambo Jambo". Sitachukua nafasi kulinganisha matoleo haya moja baada ya jingine, kwa kuwa yanafanana katika jambo la msingi. La kuzingatia ni jina. Katika sahani ya Them Mushrooms jina lilikuwa salamu kwa mtu, Bwana. Kwa Boney M. maneno "hakuna matata" yamepanda mpaka kwenye kichwa cha wimbo, na yule Bwana aliyekuwa akisalimiwa ametoweka. Salamu imeanza kugeuka kauli mbiu.

Tumefika kwenye filamu. The Lion King ilitoka Marekani mwezi Juni 1994. Nyimbo zake zilitungwa na Waingereza wawili, Elton John muziki na Tim Rice maneno. Watengenezaji wa filamu wenyewe wameeleza kwamba maneno "hakuna matata" waliyapata kwa mwongozaji wa watalii walipokuwa safarini Kenya. Maelezo hayo nayaamini, na tena nayaona muhimu kuliko hata ungekuwa ushahidi wa kuiba. Mwongozaji wa watalii ni ndugu wa mwanamuziki wa hoteli, wote wawili wanalipwa kumtuliza mgeni. Kiswahili kilichoingia Hollywood ni kile cha mtu aliye kazini. Hakikuwa Kiswahili cha nyumbani kwa mtu, wala cha shairi wala cha mkutano wa kijiji.

Na wimbo ukafanikiwa, jamani, tuseme ukweli. Uliingia kwenye orodha ya nyimbo zilizoshindania tuzo ya Oscar, pamoja na nyingine mbili za filamu hiyohiyo, na moja ya hizo mbili, "Can You Feel the Love Tonight", ndiyo iliyoshinda. Walioimba "Hakuna Matata" ni Nathan Lane na Ernie Sabella, kwa sauti za Timon na Pumbaa, na Jason Weaver na Joseph Williams kwa sauti ya Simba, mmoja utotoni na mwingine ukubwani. Hilo la Simba ni ufundi ninaoukubali: mtoto anaanza kuimba na mtu mzima anamaliza, wametembea juu ya gogo tu na miaka imepita. Kama kuna mwenzetu anayetafuta mfano wa mbinu ya kuruka wakati katika usimulizi, huo hapo.

Sasa bwana, kuna jambo ambalo wengi wanaouchukia wimbo huu hawalisemi, na wengi wanaoupenda wamelisahau. Filamu yenyewe haikubaliani nao. Wanaouimba ni wanyama wawili waliotoroka kwao. Simba anaupokea kwa sababu anakimbia kifo cha baba yake, anachodhani amekisababisha. Kisha anakuja Nala kutoka nyumbani na habari kwamba nchi imekauka na watu wana njaa, na Simba anapojaribu kumjibu kwa falsafa hiyo ya kutokujali, wanagombana. Mwishoni anaiacha na kurudi kwao kukabili mambo. Kwa lugha ya makala haya, Nala ndiye "ila" wa filamu. Mtunzi wa hadithi aliijua kazi yake.

Ila hiyo ikakatwa na matoleo yaliyofuata. Mwaka 1995, katika albamu ya Rhythm of the Pride Lands, Jimmy Cliff wa Jamaika aliuimba pamoja na Lebo M wa Afrika Kusini. Toleo lao mimi nalipenda kwa masikio, lina joto ambalo la kwanza halina, lakini hadithi haimo tena, imebaki raha tupu. Mwaka huohuo wa 1995 ulianza mfululizo wa katuni za televisheni za Timon na Pumbaa, ambamo waliokuwa wapita njia wakawa ndio wenye hadithi. Kuanzia 1997 wimbo ukawa jukwaani Broadway. Mwaka 2019 filamu ikatengenezwa upya na wimbo ukaimbwa na Billy Eichner, Seth Rogen, JD McCrary na Donald Glover. Katikati ya hayo yote ziko fulana, vikombe na michoro ya mwilini, na hakuna fulana hata moja niliyoiona yenye picha ya Nala akigomba.

Na fulana zinatuleta kwenye sheria. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara Marekani kwa ajili ya mavazi, na usajili ulikubaliwa mwaka 2003. Miaka kumi na mitano ikapita kimya, kisha mwishoni mwa 2018 Mzimbabwe aitwaye Shelton Mpala akaanzisha ombi la kuitaka kampuni iachane na alama hiyo, na zaidi ya watu laki moja wakaweka saini. Hapa tuwe waangalifu, maana hasira zilichanganya mambo. Alama ya biashara si hakimiliki ya lugha. Haimzuii mtu kusema, kuimba wala kuandika maneno hayo, inahusu nani anayeweza kuyatumia kuuzia bidhaa za aina fulani katika nchi fulani. Kisheria, basi, hakuna aliyetunyang'anya neno. Nilimweleza Bibi haya yote kwa simu, polepole, kwamba kampuni ya Marekani imesajili maneno "hakuna matata". Akanyamaza kidogo. "Na matata yenyewe wameyachukua, mjukuu wangu?" Nikamwambia hapana, hayo wametuachia.

Wenye kutaka dhuluma iliyo wazi zaidi waitafute katika filamu hiyohiyo, muda mfupi kabla Nala hajatokea. Timon na Pumbaa wanaimba kipande cha wimbo wa simba aliyelala. Huo asili yake ni "Mbube" wa Solomon Linda, Mzulu, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Inasimuliwa kwamba aliuuza kwa shilingi kumi. Alikufa mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2006. Naitaja kwa ufupi kwa kuwa ni habari ya mtu mmoja aliyetunga kazi moja. Habari ya "hakuna matata" ni ngumu zaidi, kwa sababu maneno hayo hayakutungwa na mtu, yalisemwa na wengi. Utamlipa nani?

Hata hivyo kuna toleo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote, na halina albamu. Ni lile la wapagazi wa Kilimanjaro. Wamechukua "Jambo Bwana", wakatoa Kenya, wakaweka mlima, na wanawaimbia wageni kambini huku wakicheza, watu ambao kanuni za hifadhi zinaruhusu kila mmoja wao abebe mzigo wa kilo 20 kwenda kwenye mlima wenye mita 5,895. Wameongeza mistari yao. Wanamwambia mgeni atembee taratibu, anywe maji ya kutosha, ndipo atafika salama. Mnaona walichofanya? Wamerudisha masharti. Matata hayapo, ila twende taratibu. Ni wimbo wa bakshishi, sikatai, unaimbwa ili mfuko wa mgeni ufunguke siku ya mwisho. Lakini mwimbaji anajua kitu ambacho mgeni hakijui, kwamba mlima unaua, na amekitia ndani ya wimbo uleule wa kumtuliza. Wapagazi hao wameuhakiki wimbo kuliko sisi wa maktaba.

Nimechelewa kusema kwa nini mambo haya yananiuma. Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Wageni kutoka nje walikuwa waje, watu wa misaada, na kwaya tuliamriwa kujifunza "Jambo Bwana", Kenya ikabadilishwa kuwa Tanzania. Tukafanya mazoezi siku nne. Katika siku hizo bomba la shule lilikuwa halijatoa maji kwa juma la tatu, tulikuwa tukiamka saa kumi usiku kwenda mtoni na ndoo, na siku ya wageni mapipa mawili yaliyojazwa na sisi wenyewe yakawekwa karibu na ofisi. Tukaimba vizuri. Baadaye mama mmoja mgeni, mzee, mwenye nywele nyeupe, alinijia mimi. Alikuwa amejifunza Kiswahili, tena kizuri. Akaniuliza habari za shule, nikasema nzuri. Akangoja. Naamini kabisa alikuwa ameelewa desturi yetu, maana alingoja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kuna shida yoyote, mwanangu?"

Nikamjibu: "Hakuna matata!"

Nililitoa kwa sauti ya wimbo, na tabasamu la wimbo. Mwalimu aliyekuwa nyuma yangu akacheka, wageni wengine wakacheka na kupiga makofi, yule mama naye akacheka, akanishika bega, akaenda. Ila yangu ilikuwa mdomoni. Jioni ile tulirudi mtoni na ndoo.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa nimejibu "hamna shida" au "sijambo" ingekuwa tofauti. Nadhani ndiyo. Kwa "sijambo" ningebaki ndani ya mazungumzo na yule mama angengoja tena. Kwa lile jibu la wimbo niliyafunga, maana mtu akisikia wimbo anajua apige makofi.

Bado nakusanya matoleo kwa ajili ya tasnifu yangu ya mwaka wa tatu. Mwenzangu yeyote mwenye kurekodi kwa simu wapagazi wakiimba, hasa mistari wanayoimbiana wenyewe kwa wenyewe wageni wakishaingia kwenye mahema, aniachie ujumbe kwenye ubao wa tangazo wa idara. Ya Boney M. ninayo mara tatu, hiyo msiniletee.